Kombe anayeliwa ni yupi? Nimechora kikombe cha mpira kwenye bango la mgahawa

BrashiYaMabatini

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaokijua Kiswahili cha pwani na vyakula vya huko. Nimeharibu kazi ya mtu na nataka kuirudia bila kukosea tena.

Mimi ni mchora mabango hapa Mwanza, kibanda changu kipo Mabatini. Naandika kwa mkono, brashi na rangi ya mafuta, siyo haya ya kuprinti. Nimeandika maduka, magari, na mitumbwi ya pale Kirumba Mwaloni mpaka nimesahau idadi. Wiki iliyopita alinijia mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Pangani, anafungua mgahawa. Akanipa karatasi ya daftari: PWEZA WA NAZI, SAMAKI WA KUPAKA, KOMBE. Akasema kila chakula kiwe na picha yake pembeni, kwa kuwa watu wa huku vingine hawavijui, wavione kwanza. Akaenda zake sokoni.

Pweza nilimpata vizuri, nilimtazama kwenye simu. Samaki ndiyo usiseme, mtu wa Mwanza hafundishwi samaki. Nilipofika kwenye kombe, nikachora kombe. Mikono miwili, shingo nyembamba, kitako cha ngazi tatu, rangi ya dhahabu, na mng'ao mweupe ubavuni ili lionekane la chuma. Nilikaa na hilo kombe karibu saa 2 peke yake. Nilichofikiri mimi ni kwamba mgahawa utakuwa unaonyesha mpira.

Mama aliporudi alisimama mbele ya bango, mkono mdomoni, hasemi. Halafu akaniambia polepole, "Mwanangu, kombe ni kitoweo." Akanipeleka ndani, akafungua deli lenye barafu. Mle kulikuwa na mfuko wa vinyama vidogo, rangi ya chungwa iliyofifia, vimejikunja, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Huletewa kwa basi kutoka Tanga, vimeshachemshwa na kutolewa ganda. Kwa hiyo nimeona nyama, ila mnyama mwenyewe sijamwona.

Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Nimekataa hela yake mpaka bango liwe sawa.

Sasa naomba mnieleze: huyu kombe yukoje kwa umbo, akiwa na ganda lake? Na niandike vipi, "kombe wa nazi" au "kombe la nazi"? Mama anasema anataka pia mstari wa Kiingereza kwa wageni wanaopita kwenda Saanane na Serengeti, na kijana wake kamwambia niandike "oyster". Sitaki kukosea mara ya pili.

Bint_Pangani

Kaka Brashi pole, na hongera kwa kuuliza. Mimi nimezaliwa Pangani, kombe nimewaokota tangu sijaanza shule.

Kombe ni mnyama wa ganda mbili zinazofungana kama mikono ukiikutanisha viganja. Ganda lake ni nene, limebinuka, lina mistari iliyosimama kutoka kwenye bawaba kuja ukingoni, mfereji na tuta, mfereji na tuta, kama bati la mgongo mpana. Akiwa mbichi juu ana ngozi ya kahawia yenye vinyweleo, ukimsugua anabaki mweupe. Ukiligeuza ganda ukatazama pale yanapoungana, utaona safu ya meno madogo sana, yamepangwa kama ya kitana. Hayo meno uyachore, mtu wa pwani akiyaona atajua umemjua.

Tunawaokota maji yakipwa, hasa bamvua, bahari inapojiondoa mbali. Nyie wa ziwani hamlijui hili, ziwa lenu halipwi wala halijai kwa saa. Kwetu wanawake tunashuka na vikapu, tunatembea kwenye mchanga wenye majani. Kombe amejizika nusu. Ukizoea unamjua kwa unyayo kabla ya jicho. Tunasema kuchokoa. Anayechokoa pweza ana kijiti chake, wa kombe anatumia kisu au mkono tu.

Jambo moja ambalo huwashtua wageni: ukimfungua angali mbichi, maji yake ni mekundu. Ni damu kweli, nyekundu kama yetu. Ndiyo maana huchemshwa kwanza mpaka maganda yaachame, halafu unatoa nyama, unaosha mara tatu, nne, mchanga utoke wote. Kisha kitunguu, nyanya, ndimu, pilipili mbuzi, na tui zito mwishoni.

Kuhusu "oyster": hapana. Huyo ni chaza. Chaza hujigandisha kwenye mwamba au mizizi ya mikoko, ganda lake halina umbo maalumu, limekunjakunja, na humng'oi kwa mkono. Wa lulu naye ni chaza. Mzungu akisoma "oyster" atataraji aletewe mbichi kwenye ganda na kipande cha ndimu, halafu aletewe mchuzi wa nazi. Atasema kadanganywa.

KukuWaMayai_Igoma

Mimi nasaga chakula cha kuku hapa Igoma. Kina mama wa Kayenze huniletea maganda kutoka ufukweni, tunayachoma kidogo na kuyasaga, yanasaidia yai liwe na ganda gumu. Mengi ni ya konokono, ila humo ndani yapo ya pande mbili, membamba, ndani yanang'aa kama kioo chenye rangi ya samawati na waridi. Kwa hiyo Brashi usiseme kombe hayupo kwetu, yupo wa maji baridi, ila sijaona mtu akimla. Watu wanaogopa kichocho.

Bint_Pangani

@KukuWaMayai dada, haya ya kichocho yanamhusu konokono?

KukuWaMayai_Igoma

Ndiyo, konokono wa ziwani. Ila nilishaelekezwa na wataalamu waliokuja kijijini kupima watoto: kichocho hakiingii kwa kula. Vijidudu hutoka kwa konokono vikaogelea majini, vikapenya ngozi ya mtu anayeoga au anayefua. Ndiyo maana kina mama wangu nimewaambia waokote yaliyotupwa mchangani, yamekauka, wasiingie majini kwa ajili yangu.

Mwl_Nyakato

Ndugu Brashi, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Hukukosa akili kuchora kikombe. Umekutana na neno lenye milango mingi, ukaingia wa kwanza uliokuwa wazi kwako.

Anza na kikombe unachonywea chai. Ondoa "ki" ya udogo, unapata kombe. Kombe ni sahani kubwa, bakuli pana la kupakulia. Ndilo lililo katika methali, "Funika kombe mwanaharamu apite": unafunika chakula asiyestahili akipita asione. Vijana wengi wanaitumia methali hiyo kila siku huku vichwani mwao wanaona kikombe cha ubingwa. Hilo la ubingwa limekuja baadaye na michezo, na kwa kuwa Kombe la Dunia linachezwa tangu 1930 na redio zimelitangaza usiku na mchana, limewameza wenzake wote. Ukisema "kombe" Mwanza, mtu anafikiria uwanja wa CCM Kirumba. Sikulaumu.

Lipo na kombe la mkono, mfupa mpana wa begani, ule wa nyuma. Ukimchinja mbuzi ukautoa huo mfupa ukaushika, utaona: bapa, umebonyea kidogo. Sahani, ganda, mfupa. Vyote ni vitu vyenye tumbo la kupokea. Mimi wanafunzi wangu huwaambia wakumbuke kukomba: unakomba chungu kwa kidole mpaka kibaki kitupu, fundi anachimba mzinga kwa ukombe, na kinachobaki baada ya walaji ni makombo. Wakishaisikia hiyo familia hawaisahau.

Sasa ngeli, maana hapo ndipo bango lako litakaposimama au kuanguka. Chombo na ganda ni *kombe hili, makombe haya*. Mnyama ni *kombe huyu, kombe hawa*. Kwa hiyo "kombe la nazi" msomaji ataelewa chombo kilichotengenezwa kwa nazi, au ubingwa wa nazi. Kitoweo ni "kombe wa nazi", kama mama alivyokuandikia "pweza wa nazi". Ukiandika "mchuzi wa kombe", hiyo "wa" ni ya mchuzi, haitakusumbua.

Neno kaa linafanya hivyohivyo. *Kaa huyu* anatembea upande na analiwa. *Kaa hili* ni la jikoni, ukilishika linakuunguza. Na *kaa hapa* ni kitenzi. Hakuna anayechanganya, kwa sababu neno linalofuata limeshamwelekeza.

Bint_Pangani

Mwalimu umesahau moja, au labda umeniachia mimi. Kombe la kunywa.

Bibi yangu alikuwa na sahani moja nyeupe haikupakuliwa wali hata siku moja. Mtoto akiwa na homa isiyoisha au mtu anaota vibaya, anaitwa mwalimu wa chuoni, yule anayefundisha Kurani. Anakuja na kijiti kilichochongwa, zafarani imeloweshwa kwenye kikombe kidogo na marashi ya waridi. Anaandika aya juu ya sahani, duara kwa duara, kutoka ukingoni kwenda katikati. Tulikatazwa kupumua karibu. Ikikauka, anamimina maji, anazungusha sahani mpaka maandishi yote yameyeyuka na maji yamekuwa manjano. Mgonjwa anayanywa yote. Hiyo ndiyo kunywa kombe. Jina la sahani limehamia kwenye dawa yenyewe. Mpaka leo harufu ya zafarani kwangu siyo ya pilau, ni ya kitanda cha mgonjwa.

Na Brashi, ukienda kwenye vitabu vya pwani utamkuta na kome, naye ni mnyama wa ganda anayeliwa. Jina lake kama la kile kisiwa chenu.

BrashiYaMabatini

Dada Bint, Mwalimu, mama wa Igoma, shukrani sana. Nimesoma mara mbili. Mimi nimesali kanisani maisha yangu yote na nimeandika "kombe" kwenye mabango ya ligi za mitaa labda mara 100, sikujua kwamba lina sahani ya bibi ndani yake.

Kisiwa cha Kome kipo kule Buchosa, nimekwenda kuandika mitumbwi. Hilo jina siligusi kwenye bango, nisije nikachanganya watu upya.

Nimejaribu kuchora kwa penseli kama alivyoeleza dada Bint. Linatoka kama feni. Nashindwa kujua mistari inakutana wapi.

DerevaMstaafu

Mwanangu Brashi, kwa umri wako lazima umewahi kulichora, ila hukujua.

Mimi nimeendesha malori Mwanza–Dar miaka 27. Tunapotaka mafuta tunasema "tunaingia sheli", hata kama kituo ni cha kampuni nyingine kabisa. Sheli imekuwa jina la kituo cha mafuta kwa Mtanzania yeyote. Lakini Shell ni neno la Kiingereza, maana yake ndiyo hilo ganda. Kampuni ilipewa jina hilo London mwaka 1897 na Marcus Samuel, na sababu ni kwamba baba yake alikuwa mfanyabiashara wa maganda ya baharini, watu wakinunua ya kupamba masanduku na meza. Meli yao ya mafuta ya mwaka 1892 waliipa jina Murex, naye ni konokono wa baharini. Alama yao kwanza ilikuwa ganda la aina nyingine, mwaka 1904 wakachukua hili lenye mistari kama feni. Lile la manjano na nyekundu.

Kwa hiyo kila konda anayepiga kelele "sheli kuna mtu?" anataja ganda la kombe bila kujua. Tazama lile, mistari yote inashuka kwenye kitako kimoja.

BrashiYaMabatini

Mzee shikamoo. Umenirudisha mbali sana.

Mwaka 2004 nilikuwa najifunza kazi kwa mjomba. Duka moja la vilainishi la barabara ya Nyerere lilitaka ile alama ukutani, kubwa kama mlango. Mjomba aligonga msumari chini katikati, akafunga uzi wenye chaki, akawa anauvuta na kuuachia, pa, pa, pa, kila mstari unatoka msumarini kwenda juu. Mimi nilijaza nyekundu katikati. Nilifikiri ni jua linachomoza! Miaka yote hii ndivyo nilivyojua, kwamba ni jua.

Kwa hiyo nimelichora kombe nikiwa na miaka 16, kwa mkono huu.

Bint_Pangani

Kaka ngoja kwanza, usichore hilo la sheli kama lilivyo. Lile ni binamu. Lina umbo bapa la feni, na wengine wa jamii yake wana masikio mawili pale kwenye kitako. Wetu hana masikio. Amenenepa, bawaba yake imenyooka, na upande mmoja umerefuka kidogo kuliko mwingine. Ukilichora la sheli, wateja wataingia kumuuliza mama wa watu petroli. Chukua ule utaalamu wa uzi wa mjomba wako, ila msumari usiuweke katikati, usogeze upande wa kushoto kidogo, na mistari uipinde.

Kiingereza andika "cockles". Wapo wanaosema "clams", ila hilo ni jina la jumla mno, kama kusema "samaki". "Cockles" mtu atajua ni wadogo wenye mistari.

Kashozi_Bk

Niongeze kidogo kutoka Bukoba, mada imenigusa. Sisi wa upande huu wa ziwa tuko mbali na bahari, lakini maganda yalitufikia kabla ya wazungu. Simbi, wengine huita kauri, yale madogo meupe yenye mdomo wa meno. Kwetu ensimbi ilikuwa ndiyo fedha, zilitungwa kwenye kamba na kuhesabiwa kwa mamia. Uganda mpaka leo hela wanaiita ensimbi. Bibi yangu alikuwa nazo kibuyu kizima, anatuchezesha nazo, na hakuwahi kuiona bahari.

Kwa hiyo Mwalimu aongeze na hilo kwenye familia yake: ganda la sahani, ganda la dawa, na ganda la pesa.

Mwl_Nyakato

Naliongeza, ahsante Kashozi. Ila simbi siyo kombe, tusije tukamrudisha Brashi alikotoka. Simbi ni ganda moja lililojiviringa, kombe ana mawili. Na Brashi, neno moja kwenye hati yako: usiandike "makombe ya nazi" ukitaka kuonyesha wingi. Mteja atajiuliza kama analetewa maganda.

Bint_Pangani

Kweli kabisa. Kwetu makombe ni yale matupu yaliyorundikana nyuma ya jiko. Watoto wanayachezea kama vijiko vya udongo.

BrashiYaMabatini

Narudi kuwapa mrejesho, kama nilivyoahidi moyoni.

Nilimwomba mama amwambie dada yake wa Tanga atume hata watatu wenye ganda. Jana jioni basi limeingia, tumekwenda naye stendi ya Nyegezi kupokea deli. Wametumwa watano, wamefungwa kwenye mfuko wa pembeni. Mama alinipa mmoja nikamshika. Mzito kuliko nilivyowaza, kama jiwe la kusagia pilipili. Nimemsugua kwa brashi yangu ya zamani, ngozi ya kahawia ikatoka, chini mweupe kama plasta. Mistari nimeihesabu mara mbili, mara ya kwanza nikapata 38, ya pili 39. Meno ya kitana yapo, dada Bint, mpaka nimeyapitisha ukucha.

Nilipomwonyesha mama michoro yangu ya penseli, ule wa msumari wa katikati na ule uliosogezwa kushoto, alichagua wa kushoto bila mimi kusema lolote. Akasema, "Huyu ndiye."

Bango nimelipiga msasa pale kwenye dhahabu, nimepaka nyeupe mikono miwili, na leo asubuhi nimeanza upya. Nimechora wawili, mmoja amefunga, mmoja ameachama kidogo na ile chungwa inaonekana ndani. Kivuli nimetumia kahawia na samawati kidogo, nyeusi ingemfanya aonekane jiwe. Chini nimeandika hivi:

KOMBE WA NAZI
na wali au chapati
*cockles in coconut*

Mama amenipikia kabla sijamaliza. Nyama yake inavutana kidogo chini ya jino, kama firigisi, halafu inakuja chumvi ambayo haikutiwa na mpishi. Nimekula na wali sahani mbili.

Maganda matano ameniachia. Nimeyapanga dirishani kwa kibanda. Wateja wawili leo wameniuliza ni nini, na mmoja, mvuvi wa Kirumba, anataka jina la mtumbwi wake lizungukwe na hayo pande zote mbili. Nimemwambia arudi Jumatatu, rangi ya bango la mama ikauke kwanza.